Wanaume Wenye Mifuko Mirefu

Nilikuwa fundi wa mashine za kufulia nguo. Mwanamke kutoka Tanga, mwenye hijabu, mkoba wa spana begani na magoti yanayolia. Kwa zaidi ya miaka thelathini watu wa Birmingham walinifungulia mlango, wakanyoosha shingo kutazama nyuma yangu, wakimtafuta fundi. Bwana mmoja wa Ladywood aliniambia nimwambie mume wangu apande tu, leo lifti inafanya kazi. Nikamjibu kwamba mume wangu yuko nyumbani anakaanga samaki. Kama anamtaka kwa ajili ya samaki nitampigia simu, lakini kama ni mashine, tuanze. Tukaanza. Alinisimamia kichwani nusu saa nzima, na nilipomaliza akaniuliza kama nina dada.

Nimestaafu sasa. Wiki iliyopita mjukuu wa jirani yangu, binti wa chuo, aliniuliza kwa Kiingereza chake cha mbio: Bibi, unajuaje kama kitu ulichotumiwa kwenye simu ni kweli? Nilicheka hadi chai ikanimwagikia. Hakujua anamwuliza nani. Mimi, wanangu, nilikaribia kuvunja harusi ya watu kwa ujumbe mmoja wa sauti, na niliutuma kwa mapenzi matupu.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mliozaliwa huku, mnaosikia Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza. Jibuni kwa lugha mnayotaka. Ila itabidi mnivumilie nianzie chini ya mashine, maana huko ndiko nilikojifunza karibu kila ninachokijua.

Aliyenifundisha kazi ni Desmond, Mjamaika mrefu aliyekuwa na karakana ndogo ya kuta za matofali, yenye baridi kuliko nje. Siku ya kwanza alinipeleka kwa mama mmoja aliyesema mota imekufa. Mimi, kwa hamu ya kupendeza, nikafungua mota. Nilipomaliza kuitandaza vipande vipande sakafuni, Desmond akainama, akafungua kichujio cha pampu chini mbele, akavuta waya wa sidiria. Mota haikuwa na kosa lolote, ila sasa ilikuwa imetapakaa jikoni kama karanga. Nilichukua saa mbili kuirudisha.

"Sister," akaniambia tukiwa garini, "mteja akikwambia mota imekufa, mwambie asante. Halafu mwulize aliona nini na alisikia nini. Hayo mengine aliyafikiria."

Niliishi na maneno hayo. Kule Ladywood, ghorofa ya kumi na nne, familia moja ilihama chumba kwa sababu mashine yao mpya ilikuwa inatembea. Walikuwa wamekwisha kusoma dua, na shangazi mtu alishamtaja mtu aliyewaroga, jina kamili na mtaa. Nikawauliza waliona nini. Wakasema ikianza kukamua inatetemeka, inaruka, inakuja mlangoni. Nikaizungusha nyuma. Bolti nne za usafirishaji, zile zinazoshikilia pipa lisigongwe njiani, zilikuwa bado zimo. Nilizitoa, mashine ikatulia kama mtoto aliyeshiba. Shangazi hakufurahi hata kidogo. Alishapanga kwenda kwa yule mrogaji kumsema.

Na jambo la maji. Maji yakionekana mbele ya mashine, mafundi wachanga hupangusa mbele na kutafuta tundu mbele. Sakafu za huku zina mteremko usioonekana kwa macho. Tundu mara nyingi liko nyuma, kwenye mpira wa maji. Unalala kifudifudi, unashika tochi, unafuata unyevu kidole kwa kidole kurudi ulikotoka. Siku hizi mashine zina kioo kinachoandika namba ya ugonjwa, na kijana anaisoma, anabadilisha kifaa, anaondoka. Namba inasema mashine imelalamika wapi. Kulala kifudifudi bado ni kazi yako.

Sasa ile harusi.

Mama Neema ni rafiki yangu, mjane kutoka Uvira, Kongo ya mashariki, anayekaa Shard End. Alikuwa anamwoza binti yake, Neema, kwa kijana ambaye ukoo wake wote uko Sheffield. Ukumbi ulikuwa ule wa mtaa wao wenyewe, jengo la kawaida lenye paa bapa na jiko zuri. Harusi Jumamosi. Mama Neema alilea watoto wanne peke yake katika nchi tatu, na katika zote tatu hakuna siku aliyokaa mbele ya watu akishangiliwa. Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa siku yake, na sote tulijua.

Jumapili iliyotangulia, jioni, nikapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Mwanaidi, msusi wa Hodge Hill. Inabidi niwaeleze jinsi sisi wakubwa wenu tunavyotumiana habari, maana mkasa wote umo humo. Ninyi mnabonyeza, kitu kinaruka kama kilivyo. Sisi tunaona hiyo ni tabia mbaya. Huwezi kumrushia mtu habari kavu, hujamsalimu, hujauliza mguu wa mama yake unaendeleaje. Kwa hiyo tunaisikiliza habari, tunaweka simu mdomoni, tunaanza upya kwa sauti yetu: salamu, watoto, baridi, mguu, halafu habari yenyewe kwa maneno yetu. Adabu nzuri kabisa. Na ikipita midomo minne, hakuna awezaye kujua nani alisema nini.

Mwanaidi, baada ya dakika tatu za salamu, alisema kuna kundi la wanaume wabaya limeonekana alfajiri nje ya ukumbi wa Shard End, wamebeba silaha kwenye mifuko mirefu. Nilikumbuka zile siku za fujo, wageni walipotishiwa kuchomewa nyumba, maduka yalipofunga mapema na sote tukakaa ndani na mapazia yameteremshwa. Nikaweka simu mdomoni. Nikasalimia kundi letu lote la kwenye simu, Watanzania, Wakenya, Wakongo, nikauliza hali, nikasema. Kisha nikaenda kulala nikijiona mtu mwema.

Jumatatu asubuhi Mama Neema akanipigia. Alikuwa halii, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama Fundi, bamekataa kuya," akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, yaani wamekataa kuja. "Batu ya Sheffield. Banasema Jumamosi kutakuya batu na silaha kwenye harusi. Papa Musafiri anasema hawezi kuleta watoto ya ndugu yake wachomwe moto."

Papa Musafiri ndiye baba wa bwana harusi. Mtu wa maneno machache, aliyevuka Ziwa Tanganyika na familia yake kukimbia vita akiwa na miaka kumi na tisa na tangu hapo hapendi kuambiwa kwamba mambo yatakuwa sawa.

"Atabadilisha mawazo," nikasema.

"Anataka tungoje. Mwaka kesho labda." Nikasikia mlango wa friza ukifunguliwa. "Mwaka kesho, Mama Fundi. Nyama iko tayari kwenye friza."

Jumanne nilikuwa na kazi Shard End, kwa Maureen. Nilikuwa nimeitengeneza mashine ya Maureen mara nyingi kiasi kwamba tulikuwa tunaulizana habari za wajukuu. Yeye ndiye aliyeshika funguo za ule ukumbi na daftari la kuukodisha. Bibi mfupi, mwenye nywele za rangi ya zambarau, na kama wazee wengi wa jiji hili humwita kila mtu "bab," yaani mpenzi, hata daktari.

Nilikuwa nimelala kifudifudi jikoni kwake, mkono hadi begani ndani ya mashine, aliposema, "Bab, nina aibu kukwambia. Kamati ya ukumbi inakutana Alhamisi. Watu wanataka ile harusi ya rafiki yako ifutwe."

"Kwa nini?"

"Kuna jeshi linafanya mazoezi nyuma ya ukumbi."

Akainama, akaniwekea simu mbele ya pua. Video ilichukuliwa kutoka dirisha la juu la nyumba fulani, inatetemeka. Vijana kumi na wawili, suruali nyeusi, fulana nyeusi, wamejipanga wawili wawili. Mmoja mbele anapaza sauti kuhesabu. Wote wanapiga hatua kulia, wanasimama, wanapiga hatua kushoto, wanasimama, wanageuka pamoja kama mlango mmoja. Chini yake mtu ameandika kwamba hawa wamefunzwa vitani na sasa wako nyuma ya uwanja wa watoto wetu. Mtaa mzima ulikuwa umetumiana.

Niliitazama mara mbili. Kisha nikaanza kucheka na kichwa changu kikagonga ukingo wa mashine. Aliyekuwa anahesabu ni Patrick, mpwa wa Mama Neema, anayefanya kazi ya kupanga rafu na anayeogopa njiwa.

"Maureen," nikasema, "hao ni wasindikizaji wa bibi harusi. Huko Kongo bibi harusi haingii hivi hivi. Anaingizwa kwa kuchezewa, kutoka mlangoni hadi kitini, na inaweza kuchukua nusu saa. Wanajifunza hatua."

"Mbona nyeusi?"

"Fulana za mazoezi. Sare zenyewe ni za dhahabu."

"Na mbona hawatabasamu?"

"Kwa sababu Patrick ni mkali."

Hakuniamini mara moja, na sikumlaumu. Nikageuza uso, bado niko sakafuni, nipumue. Na pale, kwenye kona kati ya friji na ukuta, macho yangu yakakutana na mifuko miwili mirefu ya kitambaa cha kijani, imesimamishwa kama watu wawili wembamba wanaosubiri basi.

"Maureen, hiyo ni nini?"

"Hizo? Za Keith." Keith ni mumewe. "Fimbo zake za kuvulia samaki. Wanakutana kila Jumapili alfajiri nje ya ukumbi, yeye na wenzake wazee, wanapanda gari moja kwenda kuvua. Nimemwambia asiziweke jikoni miaka arobaini sasa."

Wanangu, nimelala sakafuni kwa watu wengi, lakini siku ile tu ndiyo nilishindwa kuinuka. Nilicheka mpaka Maureen akadhani nimepigwa na umeme. Nikamweleza, vipande vipande, kwamba upande wetu mumewe amekuwa jeshi. Alikaa kwenye kiti. "Keith?" akauliza. "Keith wangu? Yule hata kopo la maharage namfungulia mimi."

Jumatano saa kumi na moja jioni niliwaleta Maureen na Keith nyuma ya ukumbi. Vijana walisimama wote waliponiona na Wazungu wawili wazee. Patrick akanong'ona, "Auntie, kuna shida?" Nikamwambia hakuna, cheza. Akawasha muziki kwenye gari lake. Niwaambie nini? Yale yale ya kwenye video, hatua kulia, hatua kushoto, lakini sasa kukiwa na gitaa linalotiririka kama maji yaliyopata mteremko, na mabega yao yakicheka hata kama nyuso hazicheki. Maureen alisimama na mkoba wake kifuani. Baada ya nyimbo mbili mkoba ulikuwa chini kwenye lami na yeye yuko katika mstari wa nyuma, anakosea kila hatua, na Patrick anamwambia, "No, Maureen, the other left." Keith alishika mkoba.

Pale pale Maureen, akihema, akatoa simu akawaandikia watu wa mtaa wake. Nilisoma begani mwake. Aliandika kwamba ni mazoezi ya harusi, kwamba na yeye aliituma ile video bila kuuliza na alikosea, na kwamba atakayetaka kufuta harusi Alhamisi aje amwambie yeye usoni. Mistari mitatu. Akairudisha simu mfukoni kama mtu aliyejipangusa pua.

Nami nikasimama pale nikitazama viatu vyangu, maana upande wangu ulikuwa bado haujasafishwa. Habari ya Keith nilishawaeleza watu wawili watatu, wakasema haya, sawa, lakini Jumamosi je? Sheffield hawakuogopa mifuko tena. Walikuwa wanaogopa Jumamosi. Nani aliwaambia Jumamosi?

Nikaamua kumtafuta. Nilitaka mkosaji, kusema kweli. Nilitaka kumsimamia mtu mlangoni kwake. Alhamisi nikaingia kwenye gari langu na kufuata unyevu kurudi nyuma.

Kwa Mwanaidi nikamkuta anasuka. "Shoga yangu, nilikwambia silaha, nakiri," akasema bila kuacha kusuka. "Silaha nimeitia mimi. Ilinijia tu. Lakini Jumamosi siijui, sikiliza." Akaniwekea ujumbe wake. Kweli, Jumamosi haimo. Yeye aliambiwa na Wanjiru, nesi Mkenya.

Wanjiru nilimkuta anatoka kazini, viatu mkononi. "Mama, mimi nilisema tu wanaume wamejipanga na vitu virefu, na labda si vizuri," akasema. "Hiyo ya kujipanga ni yangu. Lakini Jumamosi, hapana." Naye aliambiwa na Bwana Salum, Mzanzibari mmoja, mzee mtaratibu anayepita pale kwa basi alfajiri akienda kufungua msikiti.

"Shikamoo, Bwana Salum."

"Marahaba, Bi Zuhura. Karibu. Mume hajambo? Magoti?"

Baada ya magoti nikamwomba ujumbe wake. Akautafuta kwa kidole kimoja. Sauti yake ikasema, baada ya salamu ndefu kuliko zote: "Leo nimewaona wazee sita wa kizungu pale ukumbini, wana mifuko mirefu mgongoni, na mmoja ana kiti cha kukunja. Sijui waenda wapi na baridi hii. Mungu awape afya."

Kiti cha kukunja. Kilidondoka njiani, mdomo wa kwanza tu.

Nilirudi garini. Ilibaki simu moja ambayo sikuwa nimeisikiliza, na nilikuwa nimeikalia. Nikaitafuta sauti yangu ya Jumapili. Nilikuwa na sauti tamu, wanangu, ya mtu anayejali. Nikasalimia, nikauliza hali, nikasema silaha, na kisha nikasema, polepole, kama ninayewafunika watoto blanketi: "Na Jumamosi kuna harusi ya Neema pale pale, kwa hiyo tuwe waangalifu, ikiwezekana tusiende na watoto."

Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikuwa nimeunganisha mwenyewe mambo mawili, lile nililosikia na lile nililoogopa, na nikayatoa kama jambo moja. Mimi niliyewauliza wateja miaka thelathini: uliona nini, ulisikia nini. Kwa muda nilifikiria kunyamaza. Hakuna ambaye angefuatilia hadi kwangu. Fundi nilikuwa mimi. Kisha kichwani nikamwona Mama Neema akiitoa ile nyama kwenye friza na kuirudisha.

Nikaweka simu mdomoni, na kwa mara ya kwanza maishani sikusalimia. Nikasema: "Mimi ni Zuhura fundi. Maneno ya Jumamosi ni yangu. Sikuyaona, sikuambiwa, niliyaogopa tu nikayasema. Wenye mifuko ni wazee wavua samaki, nimeishika mifuko kwa mikono yangu. Papa Musafiri, kosa ni langu, usimwadhibu Mama Neema." Nikautuma kabla sijaupenda.

Wa kwanza kujibu alikuwa Mwanaidi: "Hata salamu, dada?"

Ijumaa Papa Musafiri akanipigia. "Njo weye ulisemaka?"

"Ndiyo mimi, Papa."

"Nimesikia. Tutaona." Akakata.

Jumamosi. Kadi zilisema saa saba mchana. Ninyi mmewahi kwenda harusi zetu, mnajua kadi ni ya kuonyesha nia njema. Kamati haikufuta kitu: ukumbi ulikuwa umepambwa, Keith na wenzake watano walikuwa wamebeba viti tangu asubuhi, Patrick na jeshi lake wako kwenye dhahabu. Mama Neema alikaa jikoni katika kitenge kipya, mikono magotini, mbele ya sufuria zake. Saa saba hakuna basi la Sheffield. Saa nane hakuna. Saa tisa Maureen akanifuata nje.

"Wanakuja, bab?"

"Sijui."

"Ilitakiwa ianze lini?"

"Saa mbili zilizopita."

"Basi hawaji."

"Hapana, hiyo haimaanishi kitu."

"Ingemaanisha kitu lini?"

Na hapo ndipo nilipoteseka kuliko siku zote. Watu waogopao na watu wachelewao, kutoka maegesho ya magari, wanafanana kabisa. Wakati wote ule hakuna aliyethubutu kuwapigia simu, kwa kuogopa kusikia.

Saa kumi na dakika ishirini basi kubwa jeupe likakata kona. Likaegeshwa vibaya. Mlango ukafunguka, wakashuka wanawake, watoto, watoto wengi, wamevaa kama sikukuu mbili kwa pamoja, na mwisho kabisa Papa Musafiri katika suti ya kijivu. Akanitazama nilivyosimama.

"Mama Fundi, mbona unalia?"

"Tulidhani mmeogopa."

"Kuogopa nini? Vichwa tisa, msusi mmoja." Akawaonyesha wanawake wake kwa kidevu. "Toka saa kumi na mbili ya asubuhi niko nangoja nywele."

Nilisikia vigelegele kutoka jikoni. Mama Neema alikuwa ameliona basi kwa dirisha. Papa Musafiri hakusogea. "Na ile jeshi ya mifuko marefu iko wapi? Nataka kuiona."

Nikamwonyesha Keith, aliyekuwa anavuka mlangoni na sufuria la sombe, kile kisamvu cha Wakongo, amelikumbatia kama mtoto wa watu. Papa Musafiri alimtazama kwa muda. "Mwulize, anavuaka samaki gani?"

Nikatafsiri. Keith akaweka sufuria chini, akapanua mikono yake kuonyesha urefu, uso ukamng'aa, akataja samaki watatu ambao sina majina yao. Papa Musafiri akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. "Na anapikaka namna gani?"

Keith akasema hawapiki. Wanamvua, wanampima, wanampiga picha, wanamrudisha majini.

Nilitafsiri mara mbili. Papa Musafiri aliomba nitafsiri ya tatu. "Anaamka usiku," akasema taratibu, "anakaa kwenye baridi kutwa, anamukamata samaki, halafu anamwachilia?"

"Ndiyo."

"Kwa mapenzi yake?"

"Ndiyo, Papa."

Akamshika Keith mkono, kwa mikono yake miwili, kama anayempa pole, na wakaingia ndani pamoja kwenye gitaa. Kabla bibi harusi hajafika kitini, habari hiyo ilikuwa imeshafika Sheffield, Leicester na Uvira. Tangu hapo nimekwenda kuhakikisha kwa macho yangu, nimesimama ukingoni mwa maji na Keith nikaona samaki akirudishwa, nimewaambia watu mara mia. Mpaka leo hakuna hata mmoja anayeniamini.